Pasheni ya Dirishani Kwangu

Jumatatu, 4 Machi
Ushindi! Mmea uliojiotea chini ya dirisha langu umefika juu ya nondo za dirisha. Sikuupanda, sikuumwagilia, sikuupalilia. Huo ndio ukulima ninaouweza. Jua la mchana haliingii tena chumbani. Leo nimelala baada ya chakula bila kutokwa jasho. Raha tupu.

Jumanne, 5 Machi
Raha ina maadui. Mama mwenye nyumba kapita uani, kautazama mmea wangu, kasema Jumamosi anang'oa kila kisicholiwa. Magugu yanaleta nyoka. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba huo ni mpasheni. Limenitoka tu! Lakini nilipoutazama vizuri, mbona ni kweli? Unatambaa. Majani yamegawanyika. Ua ni la njano, na juisi ya pasheni ni ya njano. Ushahidi gani tena?

Fundi saa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akachomoza kichwa bila kuitwa. Akasema ni gugu. Mtu anayeutazama ulimwengu kwa jicho moja! Tukawekeana dau: atakayeshindwa atasafisha choo cha uani mwezi mzima. Mwamuzi, mama mwenye nyumba.

Jumatano, 6 Machi
Nimeukagua. Hakuna tunda. Nimeubembeleza. Hakuna tunda. Fundi saa kaegemeza brashi ya choo mlangoni kwangu, mpya kabisa. Nimeisugulia viatu.

Ijumaa, 8 Machi
Wazo! Nimenunua pasheni dukani. Dada yangu mshonaji kanipa uzi wa kijani. Aliuliza wa nini, nikasema kifungo. Giza lilipoingia nilizifunga kwenye mmea kwa ustadi, moja ikijificha nusu nyuma ya jani. Hata mimi nilikaribia kuamini.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mwenye nyumba kaja na panga. Nikamwonyesha mavuno. Akauliza, kwa upole ulionitisha, ni mmea gani huu unaozaa matunda yaliyokwisha kunjamana, na jana ulikuwa na maua tu. Kisha akageuza pasheni moja. Kibandiko cha bei! Fundi saa alicheka mpaka kioo chake cha kukuzia kikamdondoka jichoni.

Panga likainuka. Choo nikakisahau. Nikasema ukweli wangu wote: chumba kilikuwa tanuri, mmea huu umenipa usingizi, naupenda, usikatwe.

Panga likashuka. Akaniuliza, mwanangu, unaogea nini? Nikasema dodoki. Na mbegu zake ulizikung'utia wapi? Dirishani. Basi, akasema, huu ni mdodoki wako.

Fundi saa akaacha kucheka. Mdodoki si gugu.

Hukumu: mmea unabaki. Tumeshindwa wote wawili, choo ni kwa zamu, na mimi naanza kwa sababu ya uzi. Madodoki yakikauka, tutayasugulia choo hicho hicho.

Jumapili, 10 Machi
Nimesafisha choo. Nikaoga. Nikalala kivulini kwangu kama mtoto mchanga. Sina ninachodai duniani.

Nilipoamka nimekuta kimche kimejiotea kando ya mfereji wa maji machafu. Majani mapana. Fundi saa anasema ni mboga. Mboga! Nimemwambia ni mzabibu, asiye na macho haambiwi tazama, tukapeana mikono: choo, mwezi mwingine.

Uzi wa kijani umebaki mwingi. Kesho nanunua zabibu. Safari hii nitabandua kibandiko.