Mguu wa Kwanza kwa Bibi Bosiljka

Jumapili, 4 Januari

Tumerudi kutoka Szeged. Nimeaibika katika nchi mbili kwa siku moja.

Mama alivuka mpaka kwenda Hungaria kununua sabuni ya kufulia, maana kila mtu hapa Subotica, Serbia, anaamini sabuni ya ng'ambo ina povu zaidi. Akampa lifti jirani yetu, Bibi Bosiljka, ambaye magoti yake hayasikii dawa ila bwawa la maji ya moto. Bibi akamchukua mjukuu wake. Mjukuu ni Višnja. (Hapa nimekaa nalitazama tu hilo jina. Haya, tuendelee.) Mama akapotelea madukani, mimi nikaachwa nao niwe mkalimani, kwa kuwa nimesoma kwa Kiserbia na kwa Kihangaria. Lugha mbili! Na sina la kusema kwa yoyote.

Bwawa lenyewe liko nje. Theluji inakuangukia kichwani, na kuanzia shingoni kwenda chini unaiva kama kiazi. Wazee wamevaa kofia za sufu na chupi za kuogelea, wanabishana kuhusu supu. Raha iliyoje! Višnja alikuwa karibu yangu, nywele zimeganda zimesimama kama waya. Nilikuwa na sentensi tayari. Nzuri. Nimeifanyia mazoezi tangu mpakani. Nikafungua mdomo, ikatoka: "Maji ya moto."

Akasema ndiyo, ndicho walichokilipia.

Wakati wa kurudi, foleni ndefu mpakani, Bibi Bosiljka akaanza kulalamika kuhusu shemeji yake Radoje. Asubuhi ya Krismasi mwaka jana Radoje ndiye aliyetangulia kuvuka kizingiti, na mgeni wa kwanza ndiye anayeubeba mwaka mzima wa nyumba. Kuku wakaacha kutaga. Paa la banda likaanguka. Televisheni ikazimika fainali ikiwa imebaki dakika chache. "Mguu wa yule bwana ni kama barua ya kodi," akasema. Jumatano hii, Krismasi yetu ya Kiorthodoksi, haaliki mtu. Atakayetangulia ametangulia. Atapewa soksi za sufu, ataketi mezani kando ya Višnja, na mwaka mzima ataingia nyumba ile bila kubisha hodi.

Bila kubisha hodi! Mimi, ambaye nikifika mlangoni kwao mkono unakataa kunyanyuka!

Mgeni huyo lazima niwe mimi.

Jumatatu, 5 Januari

Pigo. Strahinja amerudi.

Ni jirani wa upande wa pili wa barabara, ana miaka kumi na saba, mabega kama kabati. Alikuwa Austria kuteleza kwenye theluji. Uso umeungua na jua, isipokuwa duara mbili nyeupe za miwani kuzunguka macho. Mtu mwingine angeonekana kama bundi. Yeye anaonekana kama tangazo. Anagawa chokoleti mtaa mzima. Akanipa na mimi, akanipiga begani, akaniuliza, "Vipi Neven, mdogo wangu, likizo imekwendaje?" Nikamwambia na mimi nimetoka ng'ambo. Akauliza wapi. Nikasema Szeged. Akasema hata bibi yake huenda Szeged, kukata nywele.

Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema Jumatano mapema atapita kumpa Bibi Bosiljka heri ya Krismasi. Mapema!

Nimefikiri mchana kutwa, huku nikila chokoleti yake. (Ni tamu sana. Naandika ukweli.)

Mpango: kina Strahinja wana bata bukini mmoja, anaitwa Persida, jike mwenye roho ya askari wa mpakani. Banda lake linafungwa kwa kipande cha waya tu. Alfajiri naulegeza. Persida anatoka, Strahinja anamkimbiza bustanini, mimi navuka kizingiti. Hakuna atakayeumia. Ni mpango wa kiungwana.

Jumanne, 6 Januari

Mkesha. Baba ametandaza nyasi kavu sebuleni kama ilivyo desturi ya mkesha, anazunguka akilia kama kuku, na sisi nyuma yake tunaitikia kama vifaranga. Nina miaka kumi na sita. Sauti yangu imeshakuwa nzito. Nimelia "piu-piu" kwa besi. Mti wa Mama, wa Krismasi yake ya Kikatoliki ya Desemba, bado uko pembeni unapukutisha majani, unatutazama kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Baada ya maharage na samaki, mazoezi. Mgeni wa kwanza hurusha ngano ndani ya nyumba, kisha huchochea gogo la mwaloni motoni, na cheche zikiruka husema: kuku wangapi, nguruwe wangapi, afya kiasi gani. Nikafungua jiko letu la kuni, nikapiga gogo, nikasema, "Cheche ngapi, kuku wan—"

Cheche moja ikatua kwenye nyasi.

Baba alizima moto kwa sufuria ya matunda ya kuchemsha. Mama akasema kwa Kihangaria maneno ambayo hatukufundishwa shuleni. Baba akaniuliza hivi nina adui gani humu ndani. Hakuna aliyeumia ila zulia. Sasa lina tundu, nalo lina plamu ndani yake.

Nimejaza ngano kwenye mfuko wa koti. Niko tayari.

Jumatano, 7 Januari. Krismasi

Naandika haraka kabla sijaanza kujihurumia.

Alfajiri. Theluji hadi vifundoni, moshi umenyooka juu ya kila nyumba. Pazuri kiasi cha kumfanya mtu awe mwema. Nikalegeza waya. Persida akatoka, akanitazama, akanitukana. Nikakimbia.

Nilipofika kwa Bibi Bosiljka, nikasimama getini. Nikarekebisha kofia. Nikairekebisha tena. Nikajiambia nikihesabu hadi kumi naingia. Nilihesabu mara nyingi. Mwishowe mlango ukafunguka wenyewe: ni Bibi, ameniona dirishani. Višnja nyuma yake, kajifunga blanketi. Nilitakiwa kusema "Kristo amezaliwa." Nikasema. Kwa Kihangaria.

Bibi akaitikia hata hivyo, hakika amezaliwa, haya ingia mwanangu, ingia! Hatua moja ilibaki. Hatua moja!

Nikainama kuvua viatu.

Nifanyeje? Mama amenilea nijue kwamba kuliko kuingia nyumba ya watu na viatu vya theluji, afadhali ufe barabarani. Kamba zilikuwa zimeganda. Bibi akapaza sauti: "Wee Neven, ingia, unaniingizia baridi! Shingo itanikakamaa!" Nikamjibu, "Navua tu, Bibi, navua tu." Nikapiga goti kizingitini. Navuta kamba.

Nikasikia kitu kinapanda mgongoni.

Mfuko wangu ulikuwa umetoboka. Kutoka bandani hadi mlangoni nilikuwa nimemwaga ngano, punje kwa punje, na Persida alikuwa ameifuata yote kwa uaminifu. Akapanda mgongo wangu, akapita juu ya kofia, akashuka ndani. Kwa mguu wa kulia. Višnja anaapa aliuona.

Bibi Bosiljka akapiga ishara ya msalaba. Kisha akapiga makofi: "Huyo hapo! Zamani kwetu walikuwa wakiingiza ng'ombe! Afadhali bata kuliko Radoje!" Akamrushia ngano. Akamfunika blanketi, kama afanyiwavyo mgeni wa kwanza. Persida akajisaidia juu ya nyasi, Bibi akasema hiyo ni mali inaingia.

Ila bata hawezi kuchochea gogo. Akahitajika mwenye bata. Na mwenye bata akatokea, kavaa pajama, anahema, anauliza kama kuna mtu amemwona Persida. Akaingia na viatu vyake! Hakuna aliyesema neno! Akachochea gogo kwa niaba yake, cheche zikajaa jikoni, akapewa soksi, akaketishwa kando ya Višnja. Mimi nikapewa kiti cha mlangoni, kuzuia upepo. Nimekula nyama ya nguruwe, jibini na mkate. Nimekula kwa hasira, lakini nimekula vizuri.

Strahinja akauliza nani kafungua banda. Nikatazama jibini. Višnja akanitazama mimi, kisha mfuko wangu, ambao bado ulikuwa unadondosha. Akacheka hadi akatoka nje. Tulikuwa tukimsikia kutoka uani.

Maisha yangu yamekwisha.

Alhamisi, 8 Januari

Bibi Bosiljka amekuja kutuambia kuku ametaga. Persida ameshapewa nafasi ya mwakani.

Jioni ujumbe. Kutoka kwa Višnja! Anasema hajawahi kucheka hivyo tangu azaliwe. Anasema niende kwao Jumamosi nimfundishe Kihangaria, amechoka kununua vitu Szeged kwa kuonyesha kidole. Anasema niingie tu, mlango hauna neno.

Nimeusoma hadi simu ikaisha chaji.

Bila shaka sikukubali. Mtu hawezi kukubali hivihivi, ataonekana hana shughuli. Nikamjibu kwamba Jumamosi sipo, nasafiri. Akajibu papo hapo: safari njema, unakwenda wapi? Nikaandika Venisi, ule mji wa Italia ambao watu hupita kwa mitumbwi badala ya magari. Sijui kwa nini Venisi. Akasema loo, basi nimpigie picha kwenye mtumbwi.

Nimekaa nikalifikiria, na naona linawezekana. Baba ana mtumbwi stoo. Ziwa la Palić, hapa karibu, limeganda, ni kweli, lakini picha ikipigwa kwa karibu barafu haitaonekana.