Mbuzi Wangu, Sauti Yangu na Redio ya Borafya

Tahiya Wakil,
Kiembe Samaki, Unguja.

Kwa Msajili wa Haki za Wasanii wa Mtandaoni.

Ndugu Msajili,

Baada ya salamu na kukuombea afya njema, naomba unisajili kuwa msanii. Usanii sikuutaka, nimetiwa.

1. Jirani yangu Borafya ana redio ya mtandaoni, anayoitangaza kutoka barazani kwake. Baina ya baraza hiyo na ua wangu pana ukuta mfupi tu. Kila asubuhi anapozungumza na wasikilizaji wake, mimi huwa namgomba mbuzi wangu, anayekula nguo kwenye kamba. Maneno yangu yote yanaingia hewani bila ya ruhusa.

2. Wasikilizaji wamenipenda. Wanaandika kuomba nyimbo zipunguzwe sauti ili nisikike vizuri. Dada yangu Zuleikha kanipigia simu kutoka Maskati: "Tahiya, leo kala nini?" Hata hali hakuniuliza.

3. Nilimwendea Borafya. Aliniamkia kwa adabu, kisha akanambia: "Bi Tahiya, sheria inamlinda anayetunga na anayeimba. Wewe unagomba tu." Ndugu Msajili, mbuzi yule sijapata kumgomba kwa maneno yaleyale mara mbili. Kama huko si kutunga, ni nini? Na kwa kuwa bila ya yeye mimi sina la kusema, namwombea usajili na mbuzi pia, kwa daraja ya mtunzi mwenza.

4. Alhamisi niligoma. Nilimtazama mbuzi akiimaliza foronya nzima, nisitie neno. Kufika adhuhuri wanawake wamejaa mlangoni na mabuibui yao, wamebeba mchele na sukari, wamekuja kwenye matanga yangu. Mume wangu, Mabrouk, alishatandika mikeka ndipo akakumbuka kuwa nipo jikoni. Mlango niliwafungulia mimi.

Kwa hayo, naomba ama nitambuliwe na nipewe haki yangu, ama redio ile ifungwe.

Nisalimie wenzako wote ofisini, na watoto nyumbani.

Mimi, msanii bila ya kupenda,
Tahiya

Baada ya kutia saini: Borafya kaja sasa hivi kuniomba radhi, na kanipa kipindi changu mwenyewe. Nshakubali, basi barua hii iweke tu. Kipindi kitafunguliwa kwa mkoromo wa Mabrouk, niliounasa kwa simu leo alipojilaza baada ya chakula. Mwenyewe hana habari. Akikuletea malalamiko, tafadhali mfahamishe kwamba mkoromo ukishatoka puani hauna mwenyewe.