Malalamiko Dhidi ya Flashi ya Bushra

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Kompyuta, Msambweni na Jirani Zake

Bwana Chirau,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na ule mguu umepoa. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayochemka, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Namlalamikia ndugu yangu wa tumbo moja, Bushra, ambaye nafanya naye kazi katika duka letu la hapa barabarani. Kazi yetu waijua. Mtu akituletea kompyuta iliyochoka, twaifuta, twaipiga windo mpya, yaani Windows, kisha ndipo kazi yenyewe huanza: draiva za sauti, printa, programu za kuandikia, za hesabu, antivairasi. Kila moja huwekwa kwa mkono, na kila moja ina maswali yake, nawe wajibu ndiyo, endelea, ndiyo, nakubali. Ni kazi ya kutwa, na ya heshima.

Basi Bushra amekaa akaandika maagizo yote kwa mpango katika faili moja, akalitia kwenye flashi. Sasa windo mpya ikishaingia, anachomeka flashi, anabonyeza mara moja, na kompyuta yajiwekea kila kitu yenyewe bila kumuuliza mtu. Kahawa haijapoa, kazi imekwisha. Naomba Chama kiipige marufuku flashi hii, kwa sababu zifuatazo:

1. Inatuvunjia heshima. Zamani mteja akiniona nimekunja uso mbele ya kioo, akanisikia nikishusha pumzi, alijua hapa pana fundi. Sasa aniona nimekaa mikono mitupu. Juzi Mzee Boga, mwenye duka la misumari, aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye fundi au ndiye mlinzi.

2. Inavunja adabu yetu. Hapa kwetu mtu haachi kompyuta kwa fundi akaenda zake, tangu zilipoenea habari za yule fundi aliyekuwa akiwabadilishia watu diski nzima kwa mbovu. Mwenye kompyuta hukaa nayo mpaka ikamilike. Na aliyekaa ni mgeni, na mgeni huulizwa hali, akaulizwa wa nyumbani, akaletewa kahawa na kaimati. Flashi hii haijui mgeni. Mteja bado yuko kwenye "nyumbani hawajambo", kompyuta imeshalia kuwa iko tayari. Twaonekana tunafukuza watu.

3. Inafanya kazi vizuri mno. Mimi kwa mkono, nikichoka, nilikuwa nasahau programu moja au mbili, na mteja alirudi baada ya siku chache tukaamkiana upya. Flashi haisahau. Kompyuta zinazotoka kwetu siku hizi haziharibiki, na watu waliokuwa kama jamaa zangu nawaona wakipita tu na tuktuk, mkono juu, wanaenda.

4. Hapa nakuomba usome ukiwa peke yako. Kuna mwalimu mmoja wa Kinondo, Mwanamkuu. Kompyuta yake iliugua sana mwaka huu. Kila alipoileta, programu zote zimefutika, wala hatukupata kuijua ni vairasi ya aina gani. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha dirishani tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, nami naweka programu mojamoja, kwa uangalifu mkubwa. Nampenda, Bwana Chirau, wallahi nampenda. Kila alipokuja nilijiandaa kumwambia, na kila mara nilikuwa nimekaribia. Siku ya mwisho nilishamaliza kumweleza habari za printa, nasafisha koo, Bushra akachomeka flashi yake. Sijawahi hata kumuuliza babake hajambo, Mwanamkuu amefunga kompyuta, ameshukuru, ameondoka.

Tangu siku hiyo kompyuta yake ni nzima, na mwenye kompyuta nzima ana haja gani na mimi? Tena nasikia kuna mhasibu wa hoteli moja ya Diani ambaye jamaa zake wameshafika Kinondo kumposea. Nikimkosa, itakuwa nimekoseshwa na flashi.

5. Kama Chama hakitaipiga marufuku, basi kiagize iandikwe upya, iwe na vituo: kituo cha salamu, kituo cha kahawa, kituo cha swala, na kituo kirefu kabla ya printa, ambapo kompyuta itasimama na kuuliza kama fundi ameshasema alilokuwa nalo moyoni, wala isiendelee mpaka ajibu ndiyo. Aidha, Chama kifikirie kutengeneza vairasi ndogo isiyo na madhara, kwa ajili ya walimu wa Kinondo peke yao.

Nisalimie Bi Mbeyu na watoto, na mafundi wote wa Ukunda, hata wale wasiotuitikia.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu zake,
Fundi Abdulrahim

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Mwanamkuu alipoingia dukani, bila kompyuta. Kumbe Bushra alinichungulia, akampigia simu akamwambia ninayoyaandika. Akasimama mbele yangu akasema, "Kompyuta ile haikuwa na vairasi. Nilikuwa naifuta mwenyewe ili nije. Na hiyo flashi ni mimi niliyemwomba Bushra aitengeneze, maana nilikupa kutwa nzima ukanieleza printa. Nikaona labda ukibanwa na wakati utasema." Kisha akanijulisha kwamba wale wa Diani wanataka jibu, na babake amechoka kuwazungusha.

Nikasema la moyoni, Bwana Chirau. Hata salamu sikutoa. Naye akakubali.

Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa, na barua naituma hivi hivi kwa kuwa sina subira ya kuandika nyingine. Wazee wetu wanakwenda Kinondo Ijumaa baada ya swala. Nakuomba uwe mshenga wetu, na tafadhali, ukishakaribishwa ndani, sema upesi tulilojia.