Nyayo za Chudeli Katika Stoo ya Popat

Jumatatu, 4 Julai 1988. Sultan Hamud.
Bosi ametangaza. Bwana Popat anaenda Nairobi wiki mbili kupasuliwa jicho, na Jumamosi atamwachia mtu mmoja ufunguo wa stoo. Ni mimi ama Ndolo. Mwenye ufunguo ndiye mkubwa wa duka, mwingine ataomba hata msumari. Mimi, Mugo, nimeuza mabati hapa miaka sita. Ndolo ana miwili tu, na bosi humwita kijana mzuri. Mimi huniita "wewe".

Nikiukosa nitakuwa chini ya Ndolo. Afadhali nirudi kwa baba Murang'a nikachume kahawa huku kaka zangu wakinicheka. Naogopa, aki ya nani. Nasema wazi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Lakini nina mpango! Mpwa wa bosi kutoka Uingereza alisahau hapa sanduku la mchezo wa kutisha. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu walio ndani ya hadithi, na dadu yenye pande ishirini inaamua kama watapona. Makasri, makaburi, wanyonya damu. Ndolo ni mwoga. Nitamsimulia vitisho vya stoo mpaka aikatae mwenyewe.

Jumanne, 5 Julai.
Tumecheza saa ya lunch, duka likiwa limefungwa, madirisha yamefungwa, mshumaa wa duka ukiwaka katikati yetu. Mimi msimulizi. Ndolo akajifanya padri. Nthenya wa kioski cha chai akajifanya mwindaji, na akakataa kufa mara tatu.

Kitabu kina sura nzima ya Mashariki. Kuna picha ya mchawi wa Kihindi mwenye kilemba na macho ya kijani. Nikaona huyo yuko mbali sana, Ndolo hatamwogopa. Badala yake nikamwekea mwanamke: kikongwe wa Kihindi, sari nyeupe, mkongojo, harufu ya ubani, anaishi juu ya duka la mabati na hushuka stoo kunyonya wafanyakazi. Yaani Susu, mama yake bosi. Jina sikutaja. Sikuhitaji.

Ndolo alimeza mate. Safi kabisa! Halafu mshumaa ukazimika wenyewe. Nilipiga yowe. Nimewaambia lilikuwa sehemu ya mchezo.

Jumatano, 6 Julai.
Nimekwisha. Susu alikuwa amesimama kwenye ngazi jana, na alisikia yote.

Leo ameshuka katikati ya mchezo na kuketi. Sisi wote humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kwa sababu Kikamba chake kinampita hata Ndolo, Mkamba mwenyewe. Alizaliwa hapa, nyuma ya stesheni. Akaomba kitabu. Akavaa miwani. Akamtazama yule mchawi muda mrefu, akauliza ni wa kijiji gani. Kilemba ni cha Kalasinga, akasema, ndevu ni za Mchina, upanga ni wa Mwarabu, na sanamu aliyoishika, yeye Susu haijui wala marehemu mumewe hakuijua. Aliyechora hajawahi kununua hata kilo moja ya mchele kwa Mhindi. Nthenya akacheka mpaka akamwaga chai.

Kisha Susu akanigeukia. Akauliza kwa upole kama huyo kikongwe wa stoo ananyonya hata watu wa Murang'a.

Akasema tukitaka kuogopa, atatupa woga wa kwao, ule aliopewa na mama yake. Akachukua dadu. Chudeli, akasema, ni mke aliyeteswa na wakwe akafa akijifungua. Anarudi. Ni mrembo, lakini miguu yake imegeuka, visigino mbele. Ukiona nyayo zinatoka, usifurahi. Ndiyo ameingia. Na hapendi wasengenyaji.

Hakupaza sauti hata kidogo. Padri wa Ndolo alikufa, na hata mwindaji wa Nthenya. Nilicheka kwa nguvu, peke yangu. Ugali wa jioni umenishinda.

Alhamisi, 7 Julai.
Ngai fafa! Asubuhi bosi kanituma stoo nilete misumari. Mfuko wa chokaa ulikuwa umepasuka, sakafu nyeupe yote. Na juu ya chokaa, nyayo. Zote zinatoka nje. Nimezitazama moja moja: hakuna hata moja inayoingia!

Basi yumo. Yuko nyuma ya mabati, ananisikia nikipumua.

Nilisema ashindwe kwa jina la Yesu, lakini sauti ilitoka ndogo sana, sijui kama alisikia. Nikarudi dukani mikono mitupu nikamwambia mteja misumari imeisha. Bosi akashangaa, jana imeingia katoni nane. Ndolo akaenda akaileta akipiga mluzi, amekanyaga zile nyayo zote bila kutazama chini. Bosi akasema kijana mzuri.

Nimeomba saa nzima. Nimeegemeza kitanda kwenye mlango.

Ijumaa, 8 Julai.
Kumbe! Kumbe, kumbe, kumbe!

Nimepita kwa Muthama, fundi wa akala pale kando ya barabara, anipigie viatu msumari. Akaniambia huku akicheka kwamba Jumatano jioni Susu alimtengenezesha akala za tairi zenye kisigino mbele. Wezi wa ng'ombe wa zamani walikuwa nazo, eti wanaowafuata wakimbilie upande mwingine. Basi alimwaga chokaa, akazivaa akaingia stoo, akazivua ndani, akatoka na ndala zake. Mwanamke wa miaka sabini na mbili!

Nimeona aibu. Halafu hasira. Halafu, taratibu, furaha. Kwa sababu Ndolo hajui. Nikaagiza pea yangu. Muthama akanionya wezi wengine walishikwa kwa kusahau walikuwa wanaelekea wapi. Nikamwambia akate tairi.

Jumamosi, 9 Julai.
Naandika nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu la nguo.

Mpango ulikuwa mzuri. Saa ya lunch nilivaa akala chumbani kwangu, ng'ambo ya ua, nikazikanyagisha kwenye chokaa niliyochota stoo, nikavuka ua mpaka ndani ya stoo. Nikazivua, nikapitia dukani na viatu vyangu. Kisha nikapiga kelele: Chudeli! Njooni muone!

Wakaja wote. Ndolo akatazama. Bosi akatazama. Nyayo nyeupe, safi, zinatoka stoo, zinavuka ua, zinaingia mlangoni kwangu.

Bosi akasema kumbe ndiyo maana mishumaa inapungua. Nikaeleza kwamba aliyevaa alikuwa anaingia stoo, si kutoka. Akauliza nimejuaje. Hapo nikaona jibu lolote ni baya.

Chumbani kwangu walikuta mishumaa kumi na minne ya duka. Ni ya mchezo tu! Mwanga wa tochi hauogopeshi mtu! Wakakuta na sanduku la mpwa. Akala nilikuwa nazo kwapani.

Niliogopa polisi. Susu ndiye aliyenitetea, akasema mimi si mwizi, ni mjinga. Bosi akamwachia Ndolo ufunguo mbele yangu. Mimi akaniachia barabara.

Susu alinipa lile sanduku la mchezo, na chapati mbili za njiani. Mishumaa amenisamehe, akasema. Ila miaka sita alikuwa ananipa chai mkononi, katika mji aliozaliwa, na nilipotaka shetani nikamchagua yeye. Nililia mpaka stendi.

Alhamisi, 14 Julai. Kambu.
Siku njema! Nimepata kazi kwenye duka la mbao hapa Kambu. Chumba kidogo nyuma, ua una vumbi laini kama unga. Mwenye ufunguo wa stoo ni mtu anaitwa Musyoka. Hataushika muda mrefu. Mwenye duka ana mama mzee sana, hutembea akijisemea. Nimeshaanza kumwandika kwenye mchezo.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeenda kuoga nikiwa nimevaa zile akala, nizizoee. Zikaloa. Nikarudi peku kupitia kwenye majani.

Mungu wangu. Kuna nyayo kwenye vumbi mpaka mlangoni kwangu. Zote zinaingia. Hakuna hata moja inayotoka. Kuna mtu chumbani!

Nimesimama nje na taulo, akala kwapani, naandika kwenye daftari hili nisiloliacha hata bafuni. Nimemwita Musyoka aje na panga. Siingii humo hata kwa dawa.