Nahodha, Turudishie Viatu Vyetu

Kwa Nahodha wa boti ya wapiga mbizi,

YAH: OMBI LA KUMWACHISHA KAZI MAMA YANGU

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Mama yangu ndiye kiongozi wa wapiga mbizi katika boti yako, ambamo wageni hula, hulala na kuzamia siku sita mfululizo. Siku ya saba anarudi nyumbani. Tatizo, kwa heshima zote, ni kwamba anarudi na boti nzima kichwani.

1. Viatu. Najua kwenu mgeni akipanda tu, viatu vyake hutiwa kapuni mpaka safari iishe. Sasa kapu liko mlangoni kwetu pia. Fundi bomba alimaliza kazi saa nne asubuhi akakaa hadi jioni, kwa kuwa mama alikuwa ametoka na hakuna aliyethubutu kugusa kapu.

2. Mwenza. Chini ya maji hakuna anayekwenda peke yake, na kwetu vilevile. Mwenza wangu ni bibi. Kabla ya kutoka tunakaguana mikanda, vifungo, na kama sote tunapumua. Bibi hutembea kwa hatua zake, hivyo nimechelewa shule mara nne. Mwalimu amesema kisingizio hicho ni kipya kwake.

3. Ishara. Mezani hatuzungumzi, tunaonyesha kwa mikono. Baba alinyanyua dole gumba kusifu chakula. Mama akaondoa sahani, kwani kwa wapiga mbizi ishara hiyo maana yake ni nimemaliza, napanda juu. Baba alilala na njaa.

4. Ghorofani. Mtu aliyetoka kuzamia hapandi ndege mpaka siku nzima ipite, kwani kwenda juu mapema humdhuru. Mama, kwa tahadhari, hapandi hata ngazi zetu. Analala kwenye kochi. Na kwa kuwa huwa nasi usiku mmoja tu kwa juma, kitanda chake kina mwaka hakijamwona.

5. Ubao wa majina. Hili ndilo zito. Boti yako haing'oi nanga mpaka kila aliyezamia aandikwe ubaoni kuwa amerudi. Kwetu pia upo ubao, na hakuna kula mpaka kila jina lirudi upande wa "ndani". Lakini jina la mama liko upande wa "nje" siku sita. Baba hula amesimama ili kisihesabiwe kuwa chakula. Tulipomuuliza mama, alicheka akasema sheria hiyo ni ya botini. Bibi akamwambia, "Basi na sheria ya viatu ni ya botini, nipe vyangu."

Kwa hiyo naomba umwachishe kazi mara moja, kwa barua nzuri yenye sifa, ili jina lake lihamie upande wa "ndani" na likae huko.

Nisalimie mpishi, fundi wa injini, na wageni wote, walio juu na walio chini.

Wako mtiifu, asiye na viatu,
Binti wa kiongozi wako.

N.B. Barua hii anakuletea mama mwenyewe, hajui kilichomo. Tafadhali usimwachishe kabla ya likizo yetu ya mwezi ujao. Aliahidi kwamba nikiweza kuogelea mita mia mbili bila kusimama, nitakuwa mwenza wake safari moja. Nimeweza. Mapezi yangu ya miguuni ni namba thelathini na saba. Jina langu nimeshaliandika ubaoni, upande wa "nje", chini ya lake, na viatu nimevitia kapuni mwenyewe.