Vyuma Visivyo na Kitufe

Wachuuzi wa Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki, walipita pale bila kugeuza shingo. Zhuo Bingkun alisimama. Mbele yake kulikuwa na maboksi ya vyuma vya kulehemu, ambavyo kiwanda kilifilisika kabla ya kuvifungia vitufe vya kurekebishia joto. Mwenye mali aliyatoa kwa bei ya kutupa. Bingkun akayanunua, akayatazama kwa mahaba, kwani alijua kuna vyuma vya ghali visivyo na kitufe kabisa: ncha hupata moto mpaka kiwango chake, kisha hugoma yenyewe kupanda zaidi. Mali yake, kwa hiyo, haikuwa mbovu. Ilikuwa ya kisasa.

Alihitaji kimoja cha kweli cha kuonyesha. Dada yake Meizhu, fundi wa simu, alikuwa nacho, na ndicho kilichomlisha. Adhuhuri, Meizhu alipolaza kichwa mezani apate usingizi wake wa kila siku, Bingkun alikiazima bila kumsumbua kwa kumwambia.

Bi Kuang, muuzaji wa jumla, alimkaribisha kwa chai kama mtu yeyote mwenye adabu wa Chaozhou, mji wa wapenda chai. Bingkun akagusisha ncha kwenye bamba nene la shaba, na risasi ya kulehemu ikatiririka.

"Na kitufe?" Bi Kuang akauliza.

"Bosi, kitufe ni cha watu wasioaminiana na vyuma vyao. Hiki kinajidhibiti."

"Niachie sampuli. Bila sampuli siagizi."

Bingkun alilijua hilo, ndiyo maana cha bandia, kimoja cha yale maboksi, kilikuwa mkobani. Ilibaki kuvibadilisha tu. Lakini kila alipoinua mkono, Bi Kuang alimmiminia kikombe, na mgeni akimiminiwa lazima agonge meza kwa vidole kushukuru, kisha anywe. Aligonga, akanywa, akagonga tena. Hatimaye Bi Kuang aligeuka kuchemsha maji mengine. Cha kweli kikaingia mkobani, cha bandia kikakaa mezani.

Kisha chai yote ikadai haki yake. Bingkun, bingwa wa ujanja mji mzima, akakimbilia chooni na kuuacha mkoba kwenye kiti. Aliporudi aliaga kwa heshima zote, akakirudisha chuma mezani kwa dada yake akipiga mluzi.

Meizhu aliamka, akakichomeka. Joto likapanda, likapanda, halikugoma. Ubao wa simu ya mteja ukafuka moshi.

"Bingkun! Umeniwekea uchafu gani hapa? Nina simu za watu zinangoja. Nizitengeneze kwa ulimi wako?"

Bingkun akaukumbuka mkoba aliouacha kwenye kiti, akarudi mbio kwa Bi Kuang.

"Dada mkubwa, kile chuma ni cha dada yangu. Asipokipata, atafunga kibanda."

"Sampuli hairudishwi, mdogo wangu, wewe si mgeni hapa." Bi Kuang akatabasamu. "Ila niletee maboksi yako yote, nami nikupe hiki. Nina roho nzuri sana."

Aliyabeba mgongoni, moja baada ya jingine, akilaani.

Bi Kuang alituma mtu ghorofa ya chini akanunua vitufe, vikafungwa, na vyuma vikauzwa kama vilivyo: vyuma rahisi vya mafundi wanaoanza. Hakumdanganya hata mtu mmoja. Kufikia jioni alikuwa akifagia maboksi matupu, na habari ikafika mpaka kwa Meizhu, aliyekuwa ameinamia simu na chuma chake cha kweli mkononi.

"Vitufe vinauzwa hapo chini," alimwambia Bingkun bila kuinua macho. "Wewe hukuviona?"