Gazeti Lisilotosha Suruali ya Mtu Mzima

Kwako Ndugu Mhariri wa gazeti la mji wetu,

Pole na kazi, na habari za nyumbani pia. Sisi huku sokoni ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia, lile la kukanyagia cherehani, lakini hilo si la kuandikwa gazetini.

Mimi ndiye mama mzazi wa mwandishi wako, yule binti mrefu anayekaa karibu na dirisha. Nyinyi mnamwita kwa jina lake la kazini. Sisi nyumbani tunamwita Kidomo, kwa sababu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno ya kuyatamkia. Akiwa darasa la tatu alimuuliza mwalimu mkuu, mbele ya wazazi wote, pesa za vioo vya madirisha zimekwenda wapi. Nilimgombeza kwa utovu wa adabu. Vioo vilipowekwa nikamnunulia viatu. Na lile koti la kijivu analovaa akienda vikaoni, lenye mifuko ya ndani ya kuwekea kalamu, nimelishona mimi. Msidhani ni la dukani.

Nakuandikia kuhusu tangazo lenu, lile la kusema kwamba msipopata wasomaji wa kutosha wa kulipia mwaka mzima, mtafunga ofisi mwisho wa mwezi. Mhariri, hayo ni maneno ya kumwambia mama wa mtu? Kidomo alinisomea kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa ya panya. Sikulia. Nimekaa chini kuandika malalamiko yangu kwa namba, maana yeye mwenyewe aliniambia mtu akilalamika bila mpangilio ofisi hazimsikii.

1. Ukubwa wa gazeti. Sisi mafundi tunakata kwanza karatasi kwa vipimo vya mteja, tunaiweka juu ya kitambaa, ndipo mkasi unaifuata. Karatasi yenyewe ni magazeti ya zamani tunayonunua kwa fungu kwa muuza magazeti, yale yaliyomdodea. Zamani ukurasa wenu ukifunguliwa ulikuwa unatoa mguu mzima wa suruali ya mtu mzima. Sasa mmepunguza karatasi, natoa kaptura. Ya mtoto! Mke wa mwenyekiti wa soko, mama mwenye mwili wake, Mungu amzidishie, sketi yake inataka matoleo mawili na gundi. Huo ni uungwana?

2. Kutoza mama. Maneno yaliyomo gazetini yametoka kwa mwanangu, na mwanangu katoka kwangu. Mama gani analipia kusikia mtoto wake akiongea? Nilimbeba, nikamnyonyesha, nikamsomesha kwa kupinda pindo na kubandika vifungo. Kama kuna mtu aliyelilipia gazeti hilo mapema, ni mimi. Kwa haki, nyinyi ndio mngekuwa mnaniletea mgao wangu.

3. Habari zenu hazina ladha. Hapa sokoni tuna kundi letu la simu, na habari zake ni za bure, za motomoto, na zina picha. Wakati wa mvua lilituletea chatu kwenye mtaro wa soko. Tulimwona kwa macho yetu kwenye simu, mnene kama jora la kitambaa. Wateja walikimbia kutwa nzima. Muuza viatu, tunayemwita Kisigino, akapanda juu ya meza yake akakataa kushuka, mkewe anamwambia, "Shuka, baba, hata chatu anachagua nyama." Jioni akaja Kidomo na buti, akaingia mtaroni mwenyewe, akatoka anavuta bomba la mpira. Na nyinyi mkaandika hivyohivyo: ni bomba. Bomba, Mhariri! Nani atoe pesa yake kwa ajili ya bomba wakati chatu anapatikana bure? Wateja walirudi, sikatai, lakini utamu wote ulikwisha.

4. Kuniharibia wateja. Kidomo aliandika kwamba pesa za paa la soko zimetoka na paa halijaonekana. Mwenyekiti wa soko akaacha kunisalimia. Mkewe akaja kuchukua sketi yake ikiwa imeshonwa upande mmoja tu, akaondoka nayo bila kuaga. Nikampigia binti yangu: "Mwanangu, huwezi kuandika kuhusu maua?" Akanijibu, "Mama, maua hayavuji." Sasa paa limeezekwa na cherehani yangu haipati kutu tena. Lakini ile sketi, Mhariri, ingekuwa kazi nzuri sana.

5. Hili ndilo kubwa. Baraza la mji lilikaa kikao likaamua kwamba mwenye meza sokoni asipojiandikisha upya kabla ya tarehe fulani, meza yake anapewa mtu mwingine. Viti vya wananchi siku hiyo vilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni Kidomo. Mkaiweka habari ukurasa wa kwanza. Usiulize kama binti aliniambia. Alinipigia jioni ileile: "Mama, kesho usikose kusoma ukurasa wa kwanza." Nikasema ndiyo, ndiyo, umekula? Kesho yake hakuna aliyenunua gazeti soko zima. Kundi letu la simu nalo halikusema kitu, siku hiyo lilikuwa na picha za mamba.

Toleo hilo lilinifikia baadaye ndani ya fungu la magazeti ya zamani, nikalikatia shati. Niko katikati ya kazi, naona kwenye kola pameandikwa "meza zao watapewa wengine." Meza za nani? Nikaita watu. Tukaliunganisha lile shati kwa pini juu ya meza yangu, vichwa vyote chini kama kuku wanaodonoa. Mgongo ulisema ni soko letu. Mkono wa kushoto ukasema tujiandikishe upya. Tarehe ilikuwa kwenye mkono wa kulia, na mkono wa kulia nilikuwa nimemwazima fundi mwenzangu Sindano, naye alikuwa amesafiri nao. Nikampigia Kidomo.

"Mama, ni leo. Wanafunga saa kumi. Na lile gazeti ungelinunua..."

Nikakata simu. Si kwa hasira, ni pumzi, maana tulishaanza kukimbia kwenda ofisi ya baraza. Soko zima lilikimbia, Kisigino kiatu mguu mmoja, yeye muuza viatu! Mimi na goti langu niliandikishwa kati ya wa mwisho. Bibi wa vitunguu, aliyekuwa amempeleka mjukuu hospitali, alifika mlango umefungwa. Mezani pake sasa kuna kijana anauza makava ya simu. Kijana ana adabu zake, lakini kila asubuhi bibi anapita, anasimama kidogo, anakwenda zake.

Nani alaumiwe? Nyinyi. Kwa nini habari ya maana kama ile muiweke kwenye kitu ambacho mpaka mtu akinunue? Na kama lazima, kwa nini tarehe msiiweke mgongoni?

Kwa hiyo, Mhariri, naomba yafuatayo kwa heshima. Gazeti liwe la bure. Karatasi irudi kuwa pana. Msiandike mambo ya kuudhi wateja wangu. Na mshahara wa binti yangu upande. Pesa zitatoka wapi, hiyo ni kazi ya ofisi, mimi ni fundi wa nguo.

Mkishindwa, fungeni. Kidomo atarudi kwangu nimfundishe vifungo. Ila nikimfikiria amekaa kwenye kigoda changu hana wa kumuuliza swali, na kule baraza la mji wamekaa wanaamua, na vile viti vya wananchi havina mtu hata mmoja, kalamu inanigomea. Basi niishie hapo.

Nisalimie mchapaji, dada wa mapokezi, mlinzi wa getini aliyenipa kiti siku ile nilipoleta koti, na mkeo, ambaye simjui lakini namwombea uvumilivu.

Ni mimi kwa heshima zote,
Mama yake mwandishi wako, fundi cherehani, meza ya kona, sokoni.

Nyongeza: Kisigino aliyeleta barua hii ana bahasha ya pili. Ni malipo ya mwaka mzima, yangu na ya meza zote za soko. Bibi wa vitunguu tumemlipia sisi, gazeti lake lipelekwe nyumbani kwake. Kidomo asiambiwe, atajisifu, na sijui tabia hiyo kaitoa wapi. Barua hii nayo msiichape. Niliiandika kabla sijalipa, na mtu asiyenunua gazeti hana haki ya kulilalamikia. Ila kurasa za michezo mmezidisha. Hilo nasema kama mteja.